Uganda na Siri ya Kromosomu Zilizokatika

Juu ya kilima cha Mulago, mjini Kampala, ipo taasisi ya saratani ambayo historia yake haijulikani vya kutosha hata miongoni mwa majirani wa Uganda. Ilianza mwaka 1967 kama kituo kidogo cha kutibu uvimbe wa aina moja tu, ule uliokuwa ukiwashambulia watoto katika taya na tumbo na kuwaua kwa muda mfupi. Uvimbe huo wa watoto wa Uganda uliwasaidia sana wataalamu wa Ulaya na Marekani kulifikia jambo ambalo leo hufundishwa katika vyuo vya udaktari: kwamba saratani ya chembe nyeupe za damu, iitwayo limfoma, huweza kuanza pale kromosomu inapokatika, na kwamba kipande kilichohama au kilichopotea huweza kumwonyesha daktari ni dawa ipi itafaa na ni ipi haitafaa. Maarifa hayo yalitoka Afrika Mashariki yakiwa ndani ya chupa ndogo zilizopakiwa ndegeni. Kurudi kwake kumechukua muda mrefu zaidi, na hadi leo hayajafika kwa ukamilifu.

Ili habari hizi zieleweke, hapana budi kwanza kueleza kromosomu ni nini. Kila chembe hai katika mwili wa binadamu, isipokuwa za aina chache, ina kiini, na ndani ya kiini hicho mna nyuzi 46 zilizobeba maagizo ya urithi. Nyuzi hizo ndizo kromosomu. Huenda mbili mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wataalamu wamezipa namba kuanzia 1 hadi 22, mbali na zile mbili zinazohusu jinsia. Kila moja ina mikono miwili, na kwa kawaida mmoja ni mfupi na mwingine mrefu. Maagizo yenyewe, yaani jeni, yamepangwa humo kwa utaratibu maalumu, hata mtaalamu akitaja mkono mrefu wa kromosomu ya 13, mwenzake popote duniani anapajua mahali panapotajwa, kama vile dereva wa basi anavyoijua Korogwe kwenye njia ya Moshi. Chembe inapojigawa, nyuzi zote hunakiliwa, na katika kunakiliwa huko makosa hutokea. Kipande chaweza kukatika na kupotea kabisa. Chaweza pia kukatika na kwenda kushikamana na kromosomu nyingine isiyokuwa yake.

Elimu hii yote ni changa. Hadi mwaka 1956 vitabu vya sayansi vilikuwa vikieleza kwamba binadamu ana kromosomu 48. Mwaka huo, katika mji wa Lund nchini Sweden, Joe Hin Tjio, mzaliwa wa kisiwa cha Java, akishirikiana na Albert Levan, alizihesabu upya na kukuta ni 46. Ulipopita mwaka mmoja tu, yaani mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji mwenzake aje kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mpasuaji huyo alikuwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, mtu aliyekuwa na jicho moja tu tangu utoto wake. Hakuweza kuueleza ugonjwa ule. Uvimbe wa kawaida huota mahali pamoja, wala hauchagui pembe nne za uso wa mtoto.

Majuma machache baadaye Burkitt alikuwa Jinja. Akichungulia dirishani katika hospitali ya huko alimwona mtoto wa kike mwenye taya zilizovimba vile vile. Alipompima alikuta uvimbe mwingine tumboni. Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuwa ameona kioja cha mtoto mmoja. Alianza kupekua kumbukumbu za Mulago, na mwaka 1958 akaandika taarifa ya watoto 38. Taarifa hiyo haikuwashtua watu wengi. Kwa hakika ugonjwa wenyewe haukuwa mpya hata kidogo: Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa namna hiyo, na wazazi wa Uganda waliujua ugonjwa huo tangu zamani kwa kuwazika watoto wao. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa matukio yaliyotawanyika katika madaftari ya hospitali yalikusanywa na kuonekana kuwa ugonjwa mmoja. Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, waliokuwa wakichunguza vipande vya nyama kwa hadubini mjini Kampala, walithibitisha kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni kitu kimoja, nao ni limfoma. Katika hesabu yao, karibu nusu ya saratani zote za watoto zilizofika kwao zilikuwa za aina hiyo.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la aina ya Ford lililonunuliwa kwa paundi 250. Kwa muda wa majuma kumi walisafiri maili 10,000, wakapita Kenya, Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika ya Kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lile lile huku wakionyesha picha: Je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu waliyapanga juu ya ramani. Katika nyanda za juu zenye baridi ugonjwa haukuwapo. Karibu na Ikweta ulikoma kwenye urefu wa futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri walivyozidi kwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyozidi kushuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, ndiye aliyeona kwamba mpaka ule haukuwa wa urefu bali wa joto, na kwamba ulifanana na mipaka ya magonjwa yaletwayo na wadudu. Ugonjwa uliishi mahali penye joto na mvua za kutosha. Yeyote aliyekulia katika sehemu hizi angeweza kutambua kwamba ramani hiyo ilikuwa pia ramani ya malaria.

Kabla ya safari hiyo, mwezi wa Machi mwaka huo huo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara mjini London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, ambaye alitoka ukumbini akiwa na wazo moja tu, kwamba saratani yenye ramani lazima iwe na kirusi. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kutoka Kampala kwenda London. Kwa muda mrefu hakikuonekana kitu. Mwezi wa Desemba mwaka 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilikuta ukungu mzito London, ikalazimika kutua Manchester. Chupa ilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka. Ilidhaniwa kwamba imeoza. Badala ya kuimwaga, Epstein alitazama tone moja kwa hadubini akakuta kwamba kilichochafua maji ni chembe za uvimbe zenyewe, zilizopukutika njiani na zikiwa bado hai. Chembe hizo zilioteshwa kwa msaada wa Yvonne Barr, na mapema mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, kirusi kikaonekana ndani yake. Taarifa ilitolewa na watu watatu, Epstein, Achong na Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye aliyekuwa mtaalamu wa hadubini hiyo. Kirusi kimeitwa kwa majina ya Epstein na Barr, na jina la Achong likaachwa nje.

Kwa kitambo ilionekana kana kwamba kitendawili kimeteguliwa. Lakini haukupita muda ikagunduliwa kwamba kirusi hicho kimo katika miili ya watu wazima wengi mno duniani, wa Ulaya kama wa Afrika, na wengi wao hawapati saratani yoyote. Ili kujua ukweli, damu ilichukuliwa kati ya mwaka 1972 na 1974 kutoka kwa watoto wapatao 42,000 wa wilaya ya West Nile, kaskazini magharibi ya Uganda, wakiwa wazima. Utafiti huo uliongozwa na Guy de-Thé chini ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Taarifa ya mwaka 1978 ilieleza kwamba watoto 14 miongoni mwao walikuwa wamepata ugonjwa, na kwamba mtoto ambaye damu yake ilikuwa na kingamwili nyingi mno za kirusi hicho alikuwa katika hatari mara 30 hivi kuliko wenzake. Kwa hiyo kirusi kilihusika. Hakikutosha peke yake.

Ndipo macho yakaigeukia malaria. Tanzania ilishiriki katika sura hii. Huko Mara Kaskazini, penye hospitali ya Shirati, watoto wenye umri wa chini ya miaka kumi waligawiwa klorokwini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma. Ugonjwa ulipungua wakati wa ugawaji, nao ulipanda tena baadaye. Hata hivyo ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla ya vidonge vya kwanza kutolewa, na vimelea vya malaria navyo vilikuwa vimeanza kuizoea dawa. Watafiti waliokuwa waaminifu hawakuweza kudai kwamba wamethibitisha jambo hilo. Kazi ile haikuwa bure, lakini jibu lililokuwa likitafutwa lilikuwa limefichika ndani zaidi, katika kiini cha chembe.

Chembe za watoto wa Afrika Mashariki zilikuwa zikipelekwa Sweden pia. George Klein, profesa wa Stockholm, alikuwa na ushirikiano na Peter Clifford wa hospitali kuu ya Nairobi, iliyoitwa baadaye Kenyatta, na vipande vya uvimbe vilifika kwake mara kwa mara. Mji huo huo ulikuwa na utaalamu mpya. Mwaka 1970 Torbjörn Caspersson na Lore Zech walikuwa wamepata njia ya kuzipaka rangi kromosomu hata zikaonyesha mistari, kama milia ya punda, na kila kromosomu ikawa na milia yake isiyofanana na ya nyingine. Kabla ya hapo ilikuwa vigumu hata kutofautisha ya 8 na ya 9. Mwaka 1972 mume na mke kutoka Bulgaria, Georgi Manolov na Yanka Manolova, waliripoti kwamba katika chembe za uvimbe huu kromosomu moja ya 14 ilikuwa na mstari wa ziada mwishoni mwa mkono wake mrefu. Mstari ule ulitoka wapi?

Jibu lilipatikana mwaka 1976. Lore Zech na wenzake waliona kwamba kromosomu moja ya 8 katika chembe hizo ilikuwa imepungukiwa na ncha yake. Mtu aliyeitazama kromosomu ya 8 peke yake angesema kipande kimepotea. Aliyeitazama ya 14 peke yake angesema kimeongezeka. Zikitazamwa pamoja ilidhihirika kwamba kipande kilikuwa kimehama nyumba. Huu ni mfano mwema wa tahadhari anayopaswa kuwa nayo daktari asomaye kromosomu, kwani kukosekana kwa kitu mahali pake si lazima kuwe na maana kwamba kimetoweka.

Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Carlo Croce, Riccardo Dalla-Favera na Philip Leder, walitambua jeni iliyomo katika kipande hicho. Inaitwa MYC, na kazi yake ni kuiamrisha chembe ijigawe. Katika chembe ya kawaida amri hiyo hutolewa kwa kiasi. Lakini mahali pale kwenye kromosomu ya 14 ndipo zilipo jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika chembe nyeupe za aina hii hufanya kazi bila kupumzika. MYC ikihamia hapo, nayo hupata kazi isiyo na kikomo. Kwa wagonjwa wachache MYC hubaki kwenye kromosomu ya 8, na jeni za kingamwili za kromosomu ya 2 au ya 22 ndizo huhamia karibu nayo. Matokeo ni yale yale: uvimbe unaokua haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu, ambao waweza kuwa mara mbili ya ukubwa wake kwa muda wa siku moja au mbili. Malaria nayo ikapata maelezo yake. Chembe nyeupe zinapotengeneza kingamwili hukata na kuunga jeni zao kwa makusudi, na mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hulazimisha chembe zake kufanya kazi hiyo ya hatari bila kukoma.

Sasa yafaa kuuliza ni nini hutokea pale kipande kinapopotea kwa kweli. Katika mkono mfupi wa kromosomu ya 17 kuna jeni iitwayo TP53, ambayo hutengeneza protini iliyogunduliwa mwaka 1979. Kwa miaka kumi wataalamu waliifikiria vibaya. Waliiona ndani ya chembe za saratani wakaamini kwamba ndiyo mkosaji, hadi mwaka 1989 ilipobainika kwamba jeni hiyo ni mlinzi, na kwamba walichokuwa wakikiona ni mlinzi aliyekwisha kuharibiwa. Chembe ikiharibika urithi wake, mlinzi huyu huisimamisha isijigawe, na uharibifu ukizidi huiamuru ife. Msikilizaji ataona mara moja jambo hili linahusu nini katika tiba. Dawa nyingi za kawaida za saratani huiumiza chembe na kuitegemea TP53 imalize kazi. Ambapo kipande hicho cha kromosomu ya 17 kimekatika, na nakala iliyobaki nayo imeharibika, chembe huumizwa na dawa lakini haipokei amri ya kufa. Mgonjwa hupata taabu yote ya dawa, kutapika na kunyonyoka nywele, huku ugonjwa ukiendelea.

Ushahidi ulio wazi kabisa ulipatikana katika ugonjwa wa watu wazima, lukemia sugu ya limfu, ambayo kwa madaktari ni kitu kimoja na limfoma ya chembe ndogo. Mwaka 2000 Hartmut Döhner na wenzake nchini Ujerumani walitoa taarifa ya wagonjwa 325. Zaidi ya nusu yao, asilimia 55, walikuwa wamepotelewa na kipande cha mkono mrefu wa kromosomu ya 13. Asilimia 18 walikosa kipande cha mkono mrefu wa ya 11, na asilimia 7 cha mkono mfupi wa ya 17. Nusu ya wale wa kromosomu ya 17 walikufa kabla ya miezi 32. Wale waliokosa kipande cha ya 11 walifikia miezi 79 kwa kipimo hicho hicho. Na wale waliopungukiwa na kipande cha kromosomu ya 13 peke yake walifikia miezi 133, hata kuwapita wale ambao kromosomu zao hazikuonyesha kasoro yoyote, waliofikia 111. Wote hao walikuwa na ugonjwa wenye jina moja, na chini ya hadubini ya kawaida chembe zao zingeweza kufanana.

Kwa hiyo haifai kudhani kwamba kila kipande kikipotea ni msiba wa kiasi kimoja. Wala haifai kuichukua hukumu ya ugonjwa mmoja na kuipeleka katika ugonjwa mwingine. Mkono mrefu wa kromosomu ya 13, ambao kupungua kwake ni dalili ya nafuu kwa wazee wenye lukemia hiyo, ulichunguzwa katika watoto wenye uvimbe wa Burkitt huko Ulaya na Marekani, na taarifa iliyotolewa mwaka 2009 ilionyesha kinyume: watoto waliokatikiwa na sehemu ya mkono huo ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya dawa kushindwa. Halafu mwaka 2014 ikaelezwa limfoma nyingine inayofanana sana na ya Burkitt kwa macho ya mtazamaji, ambayo haina MYC iliyohama, bali ina kromosomu ya 11 iliyozidi sehemu moja na kupotelewa na ncha. Mkono mrefu wa kromosomu ya 6 nao hukatika katika limfoma za aina nyingi, ingawa maana yake kwa tiba si kubwa kama ya 17. Mwaka 2015 wataalamu wa New York waliunganisha nyuzi hizi zote kwa kutumia panya walionyimwa jeni ile ya ulinzi, TP53. Panya hao walipoambukizwa malaria ya muda mrefu, kromosomu za chembe zao nyeupe zilikatika na kuhama, wakapata limfoma.

Maarifa haya yamezaa dawa. Mwaka 2014 Marekani iliruhusu ibrutinibu itumike kwa wagonjwa wa lukemia ile, hata wale wenye pengo katika kromosomu ya 17, na mwaka 2016 ikaruhusu venetoklaksi kwa ajili yao hasa. Dawa hizo hupita njia nyingine, bila kumtegemea mlinzi aliyekufa. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa humtaka daktari aipime kromosomu ya 17 kabla ya kuanza tiba. Asiyepima huenda akampa mgonjwa wake dawa ambazo tangu mwanzo hazikuwa na matumaini.

Turudi Mulago. Katika miaka ya mwanzo hospitali hiyo haikuwa na mashine ya mionzi, na kwa sababu ya upungufu huo Burkitt na wenzake walijaribu dawa peke yake, methotreksati na siklofosfamidi. Watoto wengine uso ulinywea kwa siku chache, na baadhi yao walipona kabisa hata kwa dawa kidogo. Kituo kilichofunguliwa mwaka 1967 kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler, kiliendeleza kazi hiyo kwa utaratibu. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker nchini Marekani. Mwaka huo huo utawala wa Idi Amin ulikuwa ukiwafukuza Waasia, wataalamu wa kigeni wakaanza kuondoka, na uongozi wa kituo ukashikwa na Charles Olweny, daktari wa Uganda. Yeye na waliomfuata waliendelea kutibu katika miaka ya upungufu wa dawa, umeme na maji, na baadaye katika vita. Jambo hili husemwa kwa ufupi mno katika vitabu vinavyosimulia habari za chupa na ndege. Kama mlango ule ungefungwa, pasingekuwa na kitu cha kushirikiana nacho pale taasisi ya Fred Hutchinson ya Seattle ilipoanza kusaidiana na Kampala, wala jengo jipya lisingefunguliwa mwaka 2015.

Hata hivyo mapungufu bado ni makubwa. Katika nchi tajiri watoto wapatao tisa kati ya kumi wenye uvimbe wa Burkitt hupona. Katika Afrika, mahali pengi hawafiki nusu. Wapo wanaosema kwamba kusoma kromosomu katika hali kama hiyo ni anasa, kwa kuwa mtoto wa Gulu au wa Tarime hufa kwa kuchelewa kufika hospitali, kwa dawa kuwa zimekwisha, kwa mzazi kukosa nauli ya kurudi kwa dozi ya pili, au kwa homa inayomkuta wakati dawa zimeishusha kinga yake. Hoja hiyo ina uzito. Anayepaswa kuchagua kati ya siklofosfamidi na kipimo cha kromosomu atachagua siklofosfamidi, na atakuwa amefanya sawa.

Lakini hoja hiyo ikishikiliwa mno huficha jambo lingine. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki uamuzi hufanywa kwa kutazama chembe chache zilizofyonzwa kwa sindano, na uvimbe usio wa Burkitt waweza kuchukuliwa kuwa ndio, au ulio wake ukachukuliwa kuwa kifua kikuu cha tezi. Katika ugonjwa unaokua mara mbili kwa siku moja au mbili, jina likikosewa kwa juma moja mtoto amekwisha kupotea. Kipimo cha kung'arisha kromosomu, ambacho huonyesha kwa alama za rangi kama MYC imehama au kama kipande cha kromosomu ya 17 kimepotea, huhitaji hadubini ya mwanga maalumu, vitendanishi vinavyotunzwa kwenye baridi na mtu aliyefundishwa. Hakihitaji zaidi ya hapo. Ni vitu vya gharama, lakini si vya gharama isiyofikirika kwa hospitali kuu ya taifa.

Chembe zilizotolewa katika uvimbe wa watoto wa Afrika katika miaka ya 1960 bado zinaishi na kujigawa katika maabara za Ulaya, Marekani na Japani. Baadhi yake zinaitwa hadi leo kwa majina ya Kiafrika, na hutumika kujaribia dawa mpya kila mwaka. Kromosomu zake zimekwisha kusomwa mara nyingi, herufi kwa herufi. Hospitali za Afrika Mashariki zisizo na kipimo hicho, pale mgonjwa anapoweza kulipia, hukata kipande cha uvimbe, hukitia katika chupa na kukipeleka uwanja wa ndege.